Bei ya Breki Isiyolia

Mlio wa breki una umri sawa na breki ya diski yenyewe. Mwaka 1902, mjini Birmingham, Uingereza, mhandisi Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ambayo hata leo tungeitambua: sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na vipande viwili vinavyoibana kutoka pande zote mbili. Vipande vyake vilikuwa vya shaba. Gari lilisimama, lakini kwa kelele ya kukera masikio, na vumbi la barabara za wakati ule lilivimaliza vipande hivyo upesi.

Chanzo cha kelele hiyo hakijabadilika. Pedi inapoibana diski haitelezi kwa utulivu. Inashika, inaachia, inashika tena, maelfu ya mara kwa sekunde, na diski inalia kama kengele. Ndiyo maana gari linaweza kutoka gereji na pedi mpya na diski mpya, kisha likapiga mluzi kwenye taa za kwanza. Nyuso mbili ngeni bado hazijazoeana. Au mafuta ya kuzuia kutu hayakufutwa kwenye diski, pini za kalipa zimekauka, vile vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi vimesahaulika kwenye boksi.

Fundi makini hufungua tena. Anasafisha pini na kuzipaka grisi ya breki, anapaka kidogo mgongoni mwa pedi, kamwe si usoni, na anarudisha vibati mahali pake. Kisha analitoa gari barabarani na kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, hadi pedi iache utando mwembamba, ulio sawa, juu ya diski. Mara nyingi mlio huishia hapo.

Enzi za Lanchester dawa ilitafutwa ndani ya pedi yenyewe. Mwaka 1897, huko Derbyshire, Herbert Frood alianza kutengeneza breki za mikokoteni ya farasi. Inasimuliwa kwamba aliwaona wakulima wakifunga viatu chakavu kwenye breki zao za mbao ili zishike vizuri mteremkoni. Alianza na kitambaa cha pamba kilichokolezwa gundi, lakini magari yalipoongeza kasi na uzito, pamba iliungua. Kufikia 1908 alikuwa amehamia kwenye asbesto. Kampuni yake aliiita Ferodo: herufi za jina lake zikiwa zimepangwa upya, pamoja na E ya mkewe, Elizabeth.

Asbesto ni jiwe linaloweza kusokotwa kama uzi. Haikushika moto, ilidumu, na ilibana chuma bila ukali wa chuma. Dereva alipata alichokitaka, yaani kusimama salama, na kimya. Lakini uzi ule ulikuwa na wasokotaji.

Nellie Kershaw alikuwa mmoja wao, katika kiwanda cha Turner Brothers mjini Rochdale. Alifariki Machi 1924, akiwa na umri wa miaka 33. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake kwa hadubini na kukuta chembe za madini ndani yake. Ugonjwa huo leo unaitwa asbestosi. Kampuni ilikataa kuwajibika, familia haikulipwa fidia, naye akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Katika muongo huohuo, Ferodo iliingia mikononi mwa Turner & Newall, kampuni iliyotokana na muungano wa Turner Brothers na wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ilikuwa imefumwa kwa kikulacho.

Uingereza ilipitisha kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto mwaka 1931, lakini zililenga viwanda. Mafundi wa magari waliendelea kwa miongo mingi kupuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa na kulivuta puani. Marufuku kamili ya asbesto nchini humo ilikuja mwaka 1999, miaka 75 baada ya kifo cha Nellie.

Asbesto ilipoondoka, shaba ilirudi, safari hii ikiwa nyuzi na unga ndani ya mchanganyiko wa pedi. Nayo ikaacha deni lake: unga wake husombwa na mvua hadi mitoni, na ni sumu kwa samaki. Mwaka 2010 majimbo ya California na Washington, Marekani, yalipitisha sheria za kuipunguza kwa awamu.

Ajabu ni kwamba wahandisi wameirudisha kelele kwa makusudi. Pedi nyingi za leo zina ulimi mdogo wa chuma unaogusa diski pedi inapokaribia kwisha, ili gari lilie na dereva asikie. Mlio ambao karne nzima ilihangaika kuuzima sasa unawekwa kiwandani, kwa sababu unasema ukweli.

Kwa hiyo ukimwambia fundi aondoe kelele, muulize pia pedi hizo zimetengenezwa kwa nini. Na vumbi lile jeusi lililotuama kwenye kalipa, mwombe alifute kwa kitambaa kilicholowa. Asilipulize.