Chanda Chema na Pete Yake

Tarehe 19 Mei 1941, kombania mbili za batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walizoea kuliita Keya, zilivuka Mto Bilate mahali paitwapo Colito, kusini mwa Ethiopia. Batalioni hiyo ilikuwa ya Tanganyika. Adui aliyekuwa ng'ambo ni Mtaliana. Askari walivuka kwa kumshtukiza, wakashika kipande kidogo cha ardhi, lakini hawakuwa na mzinga hata mmoja wa kuzuia vifaru. Na vifaru ndivyo vilivyowajia.

Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya mwenye umri wa miaka 28, alikuwa amekwisha makombora ya mota yake. Lau angerudi nyuma, nani angemlaumu? Hakurudi. Alirukia kifaru kimoja kilichokuwa kikiwajia wenzake kwa nyuma, akafungua mfuniko wake kwa nguvu, akawapiga kwa bastola kamanda na waliokuwamo, akambakiza dereva peke yake, naye akamlazimisha kukiendesha hadi mahali pa kujisitiri. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, ukakataa. Basi akashuka, akaviendea vifaru vingine kwa miguu, katikati ya risasi. Viwili vilimpita. Cha tatu alikidandia, akakifungua, akamuua mmoja wa waliokuwa ndani. Ndipo kifaru cha nne kilipommiminia risasi, akaanguka. Mwili wake haukupatikana tena.

Tarehe 15 Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza lilitangaza kwamba marehemu ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo juu ya zote katika majeshi ya Uingereza tangu ilipoanzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Ni msalaba wa shaba nyeusi usio na dhahabu wala kito. Thamani yake yote imo katika sababu ya kutolewa kwake. Chanda chema huvikwa pete, na hakuna mwenye insafu atakayesema chanda hiki hakikustahiki.

Lakini taarifa hiyohiyo ya kumsifu Leakey ina sentensi inayomtaka msomaji atulie. Inaeleza kwamba alipokwenda kuviwinda vifaru kwa miguu hakwenda peke yake: alifuatana na sajinimeja wa Kiafrika na askari wengine wawili. Watu watatu. Walitambaa juu ya ardhi ileile, chini ya risasi zilezile, wakielekea chuma kilekile. Cheo cha mmoja kimetajwa. Majina yao hayakutajwa.

Haifai kusema kwamba askari weusi wa Keya hawakupata nishani. Walipata. Kulikuwa na nishani ya mwenendo bora vitani, DCM, iliyotengenezwa kwa toleo la pekee lenye jina la jeshi lao, na wengi waliirudisha nyumbani kifuani. Hata hivyo Victoria Cross haikumfikia hata mmoja wao, si katika vita vya kwanza wala vya pili, si Ethiopia, si Madagaska mwaka 1942, si katika mabonde ya Burma mwaka 1944. Ushujaa ulipimwa kwa mizani, na mizani ilikuwa mkononi mwa mtu.

Mfano wa pili uko mbele ya macho ya mpita njia. Mwaka 1927 sanamu za askari zilisimamishwa Nairobi, Dar es Salaam na kisiwani Mombasa, kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki midomoni mwetu kama Kariakoo. Chini ya sanamu kuna maandishi kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, yakiahidi kwamba anayeipigania nchi yake hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi ni tukufu. Jina lenyewe halikuandikwa.

Vita vya pili vilijaribu kulipa deni hilo. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye Barabara ya Ngong, kuna ukumbusho wa wale wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Jina la Leakey limo. Yamo pia majina ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliopakiwa Mombasa Februari 1944 katika meli ya Khedive Ismail, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi tarehe 12 ya mwezi huo, ikazama kwa dakika chache pamoja na watu wapatao 1,300. Hawa hawakupewa nafasi ya kurukia kifaru. Bahari iliwachukua, lakini jiwe limewataja.

Washairi wa pwani waliijua kazi hii kabla ya jiwe. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alipotunga habari za Wadachi kutamalaki Mrima, alimtaja Abushiri na wenziwe kwa majina. Shaaban Robert naye alivitungia utenzi mrefu vita vya 1939 hadi 1945. Utenzi hauna utepe wala shaba, lakini ukishahifadhiwa na watu hauporwi wala hauuzwi mnadani.

Wazee wa Keya waliopigana vita hivyo wamebaki wachache mno. Nishani zao zimo masandukuni, nyingine mikononi mwa wajukuu wasiojua zilitolewa kwa jambo gani. Kuuliza sasa, na kuandika jina, kijiji na tendo, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba. Kule Colito walikwenda wanne. Mmoja tunaweza kumtungia beti leo hii. Watatu waliobaki wanangoja kwanza tuwajue waliitwa nani.