Vifaru Vidogo vya Shizuoka

Mji wa Shizuoka, ulioko pwani ya Japani kusini-magharibi ya mlima Fuji, ulisifika tangu zamani kwa mafundi wa mbao. Kwa hiyo Yoshio Tamiya alipoanza biashara yake mwaka 1946, mji wenyewe ukiwa umeunguzwa na mabomu mwaka uliotangulia, alifungua kiwanda cha kupasulia mbao. Punde yeye na wenzake wakaongeza merikebu na motokaa ndogo za mbao, ambazo mnunuzi aliziunga mwenyewe nyumbani. Na baada ya kiwanda kuteketea kwa moto mwaka 1951, mbao za kujengea ziliachwa, yakabaki hayo yaliyodhaniwa kuwa mchezo wa watoto.

Manowari Yamato, waliyoitoa kwa plastiki mwaka 1960, haikuwapa faida, na kalibu za chuma za kumiminia plastiki zina gharama kubwa. Iliyowaokoa ni Panther, kifaru cha Kijerumani, kilichotiwa mota na betri kikatambaa mezani, na juu ya sanduku lake pakawa na picha ya Shigeru Komatsuzaki, mchoraji aliyekwisha pata jina kwa picha za vita. Walipotaka kutoa vifaru vingine vya kadiri ile ile, Shunsaku, mwana wa Yoshio, alikipima hicho cha kwanza, akaona ni takriban sehemu moja ya 35 ya kifaru halisi. Na sababu ya kadiri hiyo ilikuwa tu kwamba tumbo lake sharti lienee betri mbili. Kipimo hicho kilichozaliwa na betri ndicho kilichokuja kufuatwa na watengenezaji wa Italia, Hong Kong na kwingineko, hata katika vifaru visivyo na mota kabisa, nami sijui sheria nyingine ya sanaa iliyopatikana kwa urahisi kama huo.

Anayeunga Panther kwa mara ya kwanza aghalabu haogopi gundi, huogopa rangi, hasa yale mabaka ya kukificha kifaru. Walakini historia yenyewe inamtetea. Mnamo Februari 1943 jeshi la Ujerumani liliamuru magari yake yaache rangi ya kijivu, yatoke kiwandani na manjano iliyofifia, na askari wakapewa rangi nzito ya kahawia na ya kijani, waizimue kwa maji au petroli na kuipaka wenyewe huko huko vitani, kwa bomba la kupulizia au kwa brashi, kila kikosi kwa mkono wake. Basi mabaka yasiyolingana si aibu. Yaliyolingana mno ndiyo yenye kutiliwa shaka.

Taabu ya kweli iko kwenye magurudumu, kwa kuwa ya Panther yamepandana, moja likiingia nyuma ya jingine, na mwanafunzi mwenye pupa akiyagandisha yote kabla ya kuyapaka, brashi haitafika kamwe kwenye yale ya ndani. Na ayakate polepole katika fremu ya plastiki inayoyashika, alainishe kovu la mkato kwa msasa, apake manjano, kisha azungushe ukingo kwa rangi ya mpira, ndipo atie gundi. Mafundi wa Kijerumani walikuwa na adha kubwa zaidi, maana gurudumu la ndani likiharibika, iliwalazimu kwanza wayang'oe ya nje, na wakati wa baridi ya Urusi matope yaliyoganda kati yake yalikuwa magumu kama jiwe.