Kutembea wodini si kutembea Kyuso

Mgonjwa wa kiharusi au aliyeumia uti wa mgongo anaporuhusiwa kuondoka hospitalini baada ya majuma mengi ya tiba ya viungo, huandikiwa kwamba sasa anaweza kutembea. Maneno hayo ni ya kweli, ila yanahusu sakafu ya wodi. Kwa mkazi wa Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, swali ni iwapo miguu hiyo itamfikisha kisimani, sokoni na kanisani.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni mwendo wa mita 10. Mnamo 1995, Jacquelin Perry na wenzake wa California, Marekani, waliwagawa wagonjwa wa kiharusi kwa kasi yao. Anayekwenda chini ya mita 0.4 kwa sekunde alihesabiwa kuwa wa kutembea nyumbani tu. Anayepita mita 0.8 alionekana kuweza kushiriki shughuli za jamii bila kizuizi kikubwa. Kwa maneno mengine, mita 10 zikimchukua mtu sekunde 25, bado ni wa nyumbani. Zikimchukua sekunde 12 na nusu, yuko ukingoni mwa uhuru.

Hesabu hiyo ikihamishiwa Kyuso hutisha kidogo. Maji yakiwa kilomita tatu kutoka bomani, mwenye kasi ya mita 0.4 atatumia zaidi ya saa mbili kufika, juani, kabla ya kufikiria kurudi. Na hiyo ni kasi ya sakafuni. Katika mito ya msimu, ambako watu huchimba mchanga wakati wa kiangazi ili kupata maji, ncha ya gongo huzama na magurudumu madogo ya mbele ya kiti hukwama. Kiti chenye magurudumu mapana kingefaa zaidi, lakini vingi vinavyotolewa ni vya kusukumwa kwenye korido.

Hata hivyo, kinachomfungia mtu ndani mara nyingi si umbali bali choo. Choo cha shimo humtaka mtu achutame, na aliyepooza upande mmoja hawezi. Seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, na fundi akakaza nguzo ya kushikilia ukutani. Kazi hiyo yafaa ifanywe kabla ya mgonjwa kufika, si baada ya kuanguka. Aidha, aliyepoteza hisia miguuni akaguliwe ngozi kila siku, kwani vidonda vya kulalia humrudisha wodini hata kama misuli yake inazidi kupata nguvu.

Kwa miongo mingi, hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi, yenye vitanda vichache mno kwa nchi nzima, imekuwa ndiyo kimbilio la wengi. Iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kyuso. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, baada ya azimio la Alma-Ata la 1978, lilihimiza huduma hizi zipelekwe katika jamii, na jamaa za mgonjwa wafundishwe mazoezi yenyewe. Anayemwinua mgonjwa kila asubuhi ni mkewe au mwanawe, na mara nyingi ndiye asiyeitwa wodini kuonyeshwa namna.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya mnamo 2025, iliunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu pamoja na hazina ya kugharimia vifaa. Ili kunufaika, mtu sharti apimwe na kusajiliwa. Kwa hivyo familia idai barua kamili ya hospitali siku ya kuondoka, inayotaja jeraha, kifaa kinachohitajika na mazoezi, ili tiba iendelezwe Mwingi au Kyuso kwenyewe.