Chumba cha Darasa na Neno Karibu



Kabla hujasoma mbele, inua macho utazame chumba ulichomo. Hesabu hatua kutoka ubaoni hadi dawati la mwisho. Kisha jiulize: nani huketi kule, na kwa nini ni yeye?

Kwa miaka minane ya kufundisha Kiswahili hapa Bujumbura sikuwahi kujiuliza swali hilo. Mwaka jana, alasiri moja baada ya kipindi, niliketi kwenye dawati la mwisho upande wa dirisha ili nisahihishe madaftari. Nilipoinua kichwa sikuuona ubao. Niliona nguzo inayoshikilia paa, na kando ya nguzo mng'ao mweupe wa jua lishukalo ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya Kongo. Mvulana aliyeketi pale tangu Septemba nilikuwa nimemwandikia mara tatu kwamba ni mvivu wa kunakili. Hakuwa mvivu. Kwa miezi mitatu alikuwa akinakili kutoka kwenye daftari la jirani yake, na mimi mwalimu wake sikumuuliza kwa nini.

Tangu siku ile nimekuwa nikiidadisi historia ya vyumba vyetu vya kusomea. Havikuota kama uyoga. Kila kilichomo kiliwekwa na mtu, kwa sababu fulani.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno shule limetoka katika Kijerumani, Schule, na Warundi nao husema ishure. Wajerumani waliitawala nchi hii kama sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Neno darasa, kwa upande wake, ni la asili ya Kiarabu, nalo huandamana na chuo cha Kurani. Ukipita Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji wetu, utawasikia watoto wakikariri. Katika chuo cha namna hiyo mtoto huketi mkekani, na mwalimu naye huketi chini kama yeye. Sisemi kwamba mkeka ulikuwa pepo ya watoto. Fimbo ilikuwapo mkekani kama ilivyokuwapo kwenye madawati. Nasema tu kwamba mji huu umejua zaidi ya namna moja ya kumketisha mtoto.

Namna iliyoshinda ni ile ya misheni. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, na baadaye Wabelgiji wakawaachia wamisionari sehemu kubwa ya kazi ya elimu. Nionavyo mimi, chumba chao kilifuata umbo la kanisa: mabenchi kwa safu, nyuso zote mbele, msemaji mmoja. Lugha ilikuwa Kirundi, kisha Kifaransa. Kiswahili kilitiliwa shaka kama lugha ya Waislamu na ya watu wa mjini. Nacho kiti chenyewe hakikuwa cha kila mtu. Shule kubwa iliyofunguliwa Astrida mwaka 1929, mji uliokuja kuitwa Butare huko Rwanda, ililenga hasa watoto wa machifu wa Ruanda na Urundi. Kabla mtoto hajafika mlangoni, ilikuwa imekwisha kuamuliwa kama ana mahali pa kuketi.

Uhuru wa 1962 haukuliondoa jambo hilo. Ni lazima nikuambie yafuatayo, ingawa ni mazito. Mwaka 1972 walimu na wanafunzi Wahutu walichukuliwa kutoka shuleni wakauawa, na kwa muda mrefu baadaye wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao darasani. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wanafunzi Watutsi wa Kibimba waliteketezwa kwa moto. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, wenye silaha waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa, wakauawa 40. Ninapozungumza juu ya chumba kinachomkaribisha mtoto hapa Burundi, sianzi na rangi ya kuta. Naanza na nani anaketi karibu na nani bila hofu.

Mwaka 2005 Rais Pierre Nkurunziza aliondoa karo ya shule za msingi. Watoto walifurika. Mdogo wangu alianza darasa la kwanza mwaka ule, akakaa sakafuni hadi Pasaka, daftari likiwa magotini, naye akarudi nyumbani kila siku akiwa na furaha ambayo bado inanishangaza. Zamu mbili, ya asubuhi na ya alasiri, zilikuwapo tangu miaka ya 1980. Sasa zikawa hazitoshi. Mlango ulifunguliwa kwa wote, na hilo ni jambo kubwa, lakini chumba kilibaki kilekile.

Kwingineko watu walikuwa wamekifikiria chumba chenyewe. Tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Viti vyake vilikuwa vyepesi, vya kimo cha mtoto, ili mtoto mwenyewe aweze kuvisogeza.

Lakini huhitaji kwenda Roma. Nenda Muyinga, kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka 2012 wasanifu wa BC Architects kutoka Brussels, pamoja na wakazi wa hapo, walijenga maktaba iliyokusudiwa kuwa sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa, mihimili ni ya mikaratusi, paa ni la vigae lililotokeza nje ili mvua isizile kuta. Ubavuni kuna baraza ndefu, kama zile ambazo wazee wetu hukaa kuzungumza jua linapokuwa kali. Na ndani, juu ya vichwa, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, mahali ambapo mtoto hupanda, akajilaza, akasoma. Nimezitazama picha zake mara nyingi. Udongo, mkaratusi, katani: hakuna kilichomo ambacho Burundi haina.

Sisi hatukuwa na wasanifu. Tulikuwa na wanafunzi 63, madawati 21 na kopo moja la rangi nyeusi nililolinunua. Tulichora ubao mpya kwenye ukuta mrefu unaoelekeana na madirisha, jua likawa mgongoni mwetu. Safu saba zikawa nne, na dawati moja lililobaki tukaliweka kando ya mlango. Nyuma ya nguzo hapaketi mtu tena; tumetandika mkeka na kuweka kasha la vitabu.

Hapo ndipo nilipowafundisha wanafunzi asili ya neno karibu. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kutokuwa mbali. Mswahili anapompokea mgeni hamwambii kwamba amefurahi kumwona, anamwambia asogee. Mvulana wa dawati la nguzo aliuliza kama mtu anaweza kuambiwa karibu huku ameketishwa mbali. Sikuwa na jibu la sarufi.

Mvua inaponyesha juu ya mabati bado hatusikilizani, na hilo limenishinda. Pia kuna mwenzangu wa zamu ya asubuhi. Alipoona ubao mpya alikasirika: saa za asubuhi jua haliko upande ule, ubao wa zamani unamtosha, na safu ndefu humfanya ashindwe kuwaona wa pembeni. Hoja yake ni ya kweli. Tulibishana wiki mbili, kisha tukachora alama za chaki sakafuni, nyeupe za asubuhi na nyekundu za alasiri. Kila siku saa saba mchana watoto wangu huyageuza madawati, watatu kwa kila dawati, na saa kumi na moja huyarudisha. Nyekundu hufutika upesi. Mvulana yule ndiye azichoraye upya kila Jumatatu.