Kila Rekodi na Nambari Yake



Katika miaka 25 ya huduma, kwaya yetu imerekodi kwenye kanda, ikaja kwenye sidii, na sasa nyimbo zetu zinasikika kwenye simu zenu. Nambari za Skiza mnazijua, kwa kuwa hutangazwa kila tunapozindua wimbo. Iko nambari nyingine isiyotangazwa, nayo ni ISRC.

Utaratibu wake ulitolewa mwaka wa 1986 kama kiwango cha kimataifa, ISO 3901, na husimamiwa na IFPI, shirikisho la watayarishaji wa muziki duniani. Nambari yenyewe ina herufi na tarakimu 12. Tano za kwanza humtambulisha aliyeitoa, mbili zinazofuata ni za mwaka ilipotolewa, na tano za mwisho ni za rekodi yenyewe. Ikishatolewa haipewi rekodi nyingine.

Nambari hii ni ya rekodi, si ya utunzi. Chukueni Missa Luba. Kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin ya Kongo iliirekodi, na miaka mingi baadaye Muungano National Choir ya hapa Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikairekodi pia. Misa ni ile ile, waimbaji ni wengine, basi rekodi ni mbili. Ndivyo ilivyo hata sisi tukirudia wimbo wetu wa zamani: rekodi mpya, nambari mpya.

Faida yake ni kwamba wimbo ukichezwa mbali, hesabu inajua ni rekodi ipi. Hapa kwetu haki zenyewe ni za watu mbalimbali, ndiyo maana kukawa na MCSK ya watunzi, KAMP ya watayarishaji na PRISK ya waimbaji.

Hata hivyo, nambari peke yake haithibitishi mwenye mali. Wakati mmoja tuliukuta wimbo wetu mtandaoni ukiwa na jina la kwaya nyingine. Kilichotusaidia ni jalada la kanda lililokuwa na majina ya waimbaji wote.

Kwa sababu hiyo, katika jubilei hii nyimbo zetu za kanda zinapewa nambari, na kando ya kila nambari tunaandika majina. Tarakimu zitaonyesha mwaka huu, ilhali sauti ni za zamani, na baadhi ya walioimba wamekwisha kulala katika Bwana. Nambari haitawakumbuka, daftari letu litawakumbuka.

Mzee wetu, mama yetu, ndugu yetu: ukiwa na kanda yetu nyumbani, au ukikumbuka ni nani aliyeimba sauti ya pili au ya tatu miaka ile, tafadhali tuone baada ya ibada.