Usita wa Mui: Nyumba za mawe za Lamu na waliokaa ndani yake

MGENI anayeshuka gatini Lamu na kupenya kichochoro chochote kuelekea magharibi hujikuta, baada ya hatua chache, katika njia ndefu na nyembamba isiyopitwa na motokaa. Jina lake rasmi ni Harambee Avenue. Wenyeji huiita Usita wa Mui, yaani njia ya mji kwa lahaja ya Kiamu.

Zamani njia hiyo ilikaribiana na bahari. Majengo yaliyo upande wa mashariki, kati ya Usita na gati, mengi yalisimamishwa katika karne ya 19 juu ya ardhi iliyopatikana kwa kujaza kifusi na taka ufuoni. Ndiyo sababu nyumba za upande huo zina maduka chini, makao juu, na veranda zinazotazama maji, mtindo uliofuata biashara ya Bahari ya Hindi. Nyumba kongwe ziko upande wa pili, mtaani Mkomani, na nyingine zimedumu tangu karne ya 18.

Majina yanayotajwa sana kuhusu njia hii ni ya wanaume. Ngome inayokabili uwanja wa Mkunguni ilikamilika mwaka wa 1821, baada ya vita vya Shela, kwa msaada wa Sayyid Said wa Oman. Baadaye iligeuzwa jela na ikabaki hivyo hadi 1984. Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba ambamo Wajerumani walifungua posta Novemba 22, 1888, ili kuunganisha Witu na kwao. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, ndio waliokuwa wamepata mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kama Simba. Posta hiyo ilifungwa Machi 1891, Ujerumani ikiwa imeiachia Uingereza eneo hilo katika mapatano ya 1890. Leo jengo hilo ni makumbusho, na kwa kweli historia yake ya posta ni ya miaka miwili na ushei tu.

Wenye nyumba hasa walikuwa wanawake. Kwa desturi ya koo zenye uwezo, baba alimjengea binti nyumba kabla ya harusi, au akamwongezea orofa juu ya nyumba ya mama yake. Bwana harusi ndiye aliyehama kwao akaenda kuishi kwa mkewe. Nyumba mbili za jamaa mmoja zilipotenganishwa na kichochoro, ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka njia kama daraja. Kwa njia hiyo mama, binti na shangazi walitembeleana bila kushuka barabarani. Anayepita chini ya wikio hadi leo anapita, kwa namna fulani, chini ya mkataba wa ndoa.

Mpangilio wa ndani ulifuata nia hiyohiyo ya sitara. Mlangoni pana daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo mwenye nyumba alizungumza na watu asiotaka kuwaingiza ndani. Mgeni wa heshima alipewa sabule, chumba ambacho mara nyingi kilifikiwa bila kupitia kwa jamaa. Njia ya kuingilia ilipindishwa ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, ua ulio wazi kwa jua na hewa. Baada ya kiwanda vyumba hufuatana, kila kimoja kikiinuka kidogo kuliko kilichotangulia: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, chumba cha mwenye nyumba. Nyuma kabisa ni nyumba ya kati, mahali pa kuzalia na pa kuoshea maiti.

Vyumba hivi ni virefu lakini vyembamba, na sababu yake ni mti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo hazitoshi kuvuka upana unaozidi mita tatu hivi. Kuta, zenye unene wa karibu nusu mita, ni za mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo kisiwani. Katika ukuta wa ndani zilichongwa zidaka, safu za vishubaka vya lipu vilivyowekwa sahani za kaure kutoka Uchina na vitu vingine vya thamani. Chooni paliwekwa birika la maji lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Haifai kuusifu uzuri huo na kuwanyamazia waliobeba mawe yake. Kazi ngumu ya ujenzi ilifanywa na watumwa, na orofa ya chini ya nyumba nyingi ndiyo waliyolala, huku mabwana wakikaa juu penye upepo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mashamba ya bara yaliyolipia nyumba hizo yakadorora, na kwa miongo mingi ujenzi wa namna ile haukuendelea.

Msanifu Usam Ghaidan alichapisha uchunguzi wake kuhusu mji huu mwaka wa 1975. Mwaka wa 1986 mji mkongwe ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi chini ya sheria za Kenya, na mwaka wa 2001 Unesco iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, sheria inalinda ukuta kwa urahisi kuliko inavyolinda ukoo. Nyumba moja ikirithiwa na watu wengi, baadhi yao wakiwa Mombasa au ng'ambo, ni vigumu kukubaliana nani alipe fundi. Paa likivuja, boriti huoza, na kuta hufuata. Anayejaribu kuokoa gharama hupaka saruji juu ya chokaa, saruji hiyo ikafungia unyevu ndani ya jiwe na kuharakisha kubomoka.

Ndipo hujitokeza mnunuzi. Tangu miaka ya 1970 wageni, wengi wao kutoka Ulaya, wamenunua nyumba Lamu na Shela. Baadhi wamezikarabati kwa uangalifu ambao wenyeji hawakuumudu, wakawapa kazi waashi na wachongaji. Lakini katika nyumba iliyogeuzwa ya wageni, wikio haliwezi tena kuwa njia ya jamaa: upande mmoja hufungwa kwa mlango wenye kufuli. Ndani, chumba cha mama, huwekewa kitanda cha mpangaji wa siku tatu.

Zipo familia zilizoliona hilo mapema zikaweka nyumba zao wakfu kwa vizazi vyao ili zisiuzwe. Nyingine zimehamia maghorofa ya matofali nje ya mji mkongwe na kuacha funguo kwa jirani, na katika daka za nyumba hizo wazee wa mtaa bado hukaa alasiri wakisubiri adhana.