Benchi la Urafiki

Benchi la Urafiki ni huduma ya tiba ya mazungumzo iliyoanzishwa mwaka 2006 mjini Harare, Zimbabwe, na Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili. Watoa huduma wake wa mwanzo ni mabibi wa mtaani waliopewa mafunzo, wanaoketi na mgeni wao kwenye benchi la mbao katika uwanja wa zahanati.

Anayefika mara ya kwanza huulizwa maswali 14 ya ndiyo au hapana, kuhusu mambo kama usingizi, kuwaza kupita kiasi na fikra za kujiua. Mwenye hali ya hatari hupelekwa ngazi ya juu ya huduma. Wengine humwaga yote yanayowasumbua, kisha huchagua tatizo moja tu na kupanga hatua ya kulikabili kabla ya kikao kijacho. Bibi hamchagulii mtu, na hapo ndipo aliyekuja kutafuta nasaha za wazee hushangaa. Vikao ni sita hivi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa benchini walikuwa na dalili chache za matatizo ya akili kuliko waliopata huduma ya kawaida.